Nakupa Kegonga

Kitendawili. Mkisema "tega" nitawategea hiki: mgeni hajafika, na tayari amekula usingizi wa nyumba nzima.

Ndicho nilichomtegea mwanangu Onchiri asubuhi ile, nyumbani kwake Homa Bay, chai ikiwa mezani na hakuna mtu anayeinywa. Onchiri alikuwa amevaa koti lake la dukani, ameshika kikombe bila kukipeleka mdomoni.

"Mama, leo si siku ya vitendawili," akasema.

"Jibu, ama ushindwe unipe mji."

"Nimesema si leo."

Mjukuu wangu Beverlyne alikuwa amekaa kwa cherehani yake pale verandani, mlango ukiwa wazi. Hakuwa anashona. Mguu ulikuwa juu ya pedeli lakini mkono ulikuwa kwa simu. Anabonyeza, anaweka sikioni, anamsikiliza yule mwanamke wa simu akisema mteja hapatikani, anakata, anabonyeza tena. Tangu redio itangaze kwamba gari la jeshi letu limelipuliwa huko mpakani, na kwamba majina hayatatajwa mpaka familia ziambiwe, Luteni Maroa alikuwa mteja.

Huyu Maroa ni kijana wa Kikuria, kwao Kegonga. Siku ya kwanza alikuja hapa verandani kama mtu yeyote mwenye nguo iliyoachia uzi. Alikuwa likizo, amekuja mjini kumwona rafiki yake, na mkononi alikuwa na kile kitambaa cha begani ambacho maofisa huwekea cheo.

"Dada, hii imeng'oka hapa pembeni. Unaweza kuirudisha kabla sijaripoti kambini?"

Beverlyne alikigeuza kitambaa. "Ni nyota moja tu?"

"Ndiyo tunaanza nayo. Moja, luteni wa pili. Ikija ya pili unakuwa luteni kamili. Ya tatu, kapteni."

"Kumbe wewe bado mtoto huko jeshini."

"Mtoto kabisa. Hata wapishi wananituma."

Mimi nilikuwa ndani nachambua mboga, nikacheka kwa sauti. Marehemu mume wangu Mayaka alikuwa koplo, mtu wa mistari miwili mkononi, na alikuwa akisema hakuna kiumbe anayeogopa jeshini kama ofisa wa nyota moja, kwa sababu wakubwa wanamgombeza kutoka juu na askari wazee wanamcheka kutoka chini. Kijana akasikia kicheko changu akasimama wima, akavua kofia, akanisalimia kwa mikono miwili. Nikampenda hapo hapo. Beverlyne alichelewa kidogo, lakini si sana.

Nyumba yetu ina tabia yake: mgeni hatoki bila kutegewa. Beverlyne akamwambia, "Kitendawili."

"Tega."

"Ana jicho moja, mkia wake ni mrefu, na akipita mahali palipopasuka panapona."

Kijana akafikiri. Akatazama dari, akatazama barabara, akamtazama Beverlyne, na alipofika hapo macho yakakwama. Sindano ilikuwa mkononi mwa msichana, uzi unaning'inia, inametameta mbele ya pua yake, na mwenyewe haioni.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Mnajua kanuni. Aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huupokea na kujisifu nao kabla ya kusema jibu. Watu hutoa Nairobi, hutoa Mombasa, miji ambayo si yao. Maroa hakutoa mji wa watu.

"Nakupa Kegonga," akasema. "Na soko lake, na mashamba yake ya tumbaku, na nyumba ya mama yangu iliyo juu kule kilimani. Na mama mwenyewe ndani."

"Mama yako anajua kwamba unamgawa?"

"Nitamwambia."

Alimwambia. Wazee wa kwao wakaja hapa kuuliza, na Onchiri akawarudisha. Alisema sisi ni watu wa Sabato na jeshi halijui Sabato. Alisema Kegonga ni mbali. Alisema mengi, lakini mimi nilimzaa, nilijua ni neno gani alikuwa analizunguka. Baadaye nyota ya pili ilikuja Maroa akiwa huko huko mpakani. Alimpigia Beverlyne simu akamwambia hatamwachia fundi wa kambi, ni Beverlyne ndiye atakayeishona. Kitambaa kipya alichomtumia, chenye nafasi ya nyota mbili, kilikuwa ndani ya droo ya cherehani, kimekunjwa kama kitambaa cha mtoto.

Sasa rudini kwa ile chai iliyopoa.

Beverlyne aliingia ndani, amefunga kitambaa cha kichwa, mkoba begani.

"Nyanya, jeshi linamwambia nani?"

"Aliyeandikwa," nikasema. "Kama hana mke ni mama yake."

"Na mchumba?"

Nikaanza kukusanya vikombe. Alijua.

"Kwa hivyo mimi nitasikia kwa redio. Kama watu wote. Nikiwa napima mtu kiuno, redio itasema jina lake."

"Unaenda wapi?" Onchiri akauliza.

"Kegonga, baba."

"Kufanya nini? Wewe si mke wa mtu. Hakuna ng'ombe aliyefika hapa."

"Na nani aliwarudisha walipokuja kuuliza njia ya ng'ombe?"

"Beverlyne!"

"Nisamehe, baba. Lakini nani aliwarudisha?"

Onchiri aliweka kikombe chini. Mwanangu ni mtu mkubwa, dukani anabeba gunia la simiti kama mto wa kulalia, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo. "Nilimkataa askari. Sikumkataa kijana. Sitaki uwe mwanamke anayeogopa kila gari linalopunguza mwendo mbele ya nyumba."

"Nimeshakuwa huyo," Beverlyne akasema. "Umechelewa."

Ndipo nikachukua leso yangu na viatu. Onchiri akanitazama. "Hata wewe, mama?"

"Mtoto hawezi kwenda peke yake mahali kama pale."

"Mkienda, msinipigie simu nije kuwachukua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba.

Njia sitawasimulia, maana sikuiona. Rongo tulishuka tukapanda gari lingine, Migori tukapanda lingine, na pande zile za Kehancha baridi ya mlima ikaanza kutuingia. Beverlyne hakulia. Alikuwa ameshika kile kitambaa cha begani ndani ya ngumi, na kila nikimtazama ananiambia, "Niko sawa, nyanya," kabla sijauliza.

Sokoni Kegonga bodaboda alituuliza tunaenda kwa nani. Tulipomwambia, aliacha kutabasamu.

"Kwa Mama Maroa? Huko leo kuna gari la jeshi," akasema, na hakupatana nasi bei. Alituambia tu tupande.

Nataka mwelewe nilichokuwa nakijua mimi na wengine hawakijui. Mume wangu Mayaka alirudishwa nyumbani ndani ya sanduku. Kabla ya sanduku lilikuja gari. Wanakuja wawili, mkubwa anashuka na mdogo anabaki kwa usukani. Anayeshuka anavua kofia na kuiweka kwapani. Hakai hata ukimpa kiti. Hanywi hata ukimpa maji. Anakuuliza jina lako ingawa analijua, halafu analitaja kamili, na hapo ndipo dunia inapasuka. Onchiri alikuwa mdogo siku ile, akicheza nje. Aliliona gari la jeshi akafurahi, akadhani ni baba. Yeye ndiye aliyekimbia kuwafungulia lango. Alimshika yule ofisa mkono akamleta mpaka kwangu.

Kwa hivyo tulipofika pale kilimani sikutazama watu. Nilitazama gari kwanza. La kijani, limeegeshwa kando ya banda la kukaushia tumbaku, mdogo yuko kwa usukani. Halafu nikamtazama mkubwa. Nyota tatu, kapteni. Amesimama mbele ya mlango wa nyumba. Kofia iko kwapani.

Nilimshika Beverlyne, si ili nimsaidie, ila ili nisianguke.

"Ni nini, nyanya? Umeona nini?"

"Hakuna kitu."

"Nyanya."

"Nimesema hakuna kitu, twende."

Majirani walikuwa wamekaa kwenye majani mbali kidogo, wanawake kwa wanaume, na hakuna aliyekuwa akilia. Hilo ndilo lililokuwa la kutisha zaidi. Kilio kinajulikana, mtu anajua akishike wapi. Wale walikuwa wamenyamaza, wote wanatazama mlango, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Kuna nini hapa?" nikamuuliza mama mmoja.

"Mama Maroa amejifungia. Aliona gari likipanda kilima, akaingia ndani akapiga komeo. Anasema hatasikia. Huyo mkubwa amesimama hapo tangu jua liko kule."

"Na yeye hajasema kitu?"

"Anasema lazima amwambie mama kwanza, uso kwa uso. Sisi hatuambii hata jina."

Kutoka ndani sauti ya Pauline, mama yake Maroa, ikatoka nene. "Mwambieni huyo mwenye nyota tatu arudi alikotoka! Mimi mtoto wangu yuko kazini. Sijaambiwa kitu, na kama sijaambiwa basi hakuna kitu!"

Kapteni akasema kwa upole, "Mama, nitangoja."

"Ngoja mpaka uote mizizi!"

Nilimfuata yule kapteni. Alikuwa kijana vilevile, ukimtazama karibu, na jasho lilikuwa limechora mstari shingoni. Kwenye shati pameandikwa Omanga.

"Kapteni Omanga," nikamwambia, "mimi ni mjane wa koplo. Nakujua ulivyosimama. Nong'oneza neno moja tu kwa huyu mama mzee. Ni hivi, ama ni vile?"

Uso wake haukutikisika. Ni uso wanaofundishwa. "Shosho, siwezi."

"Neno moja!"

"Shosho, nikianza kupaza neno zuri nje ya mlango mmoja, basi wale wa mlango nitakaosimama mbele yake nimenyamaza watajua kabla hawajanifungulia. Na hao pia wana haki ya kuambiwa vizuri." Akatazama saa. "Niko na nyumba nyingine leo baada ya hii."

Nilirudi nyuma hatua. Nyumba nyingine. Moja ya hizo nyumba mbili ilikuwa na habari mbaya kuliko nyingine, na sisi hatukujua tumesimama mbele ya ipi.

Beverlyne alikuwa amesikia. Hakuniuliza kitu. Alimpita kapteni, akapanda kizingiti, akaweka paji la uso kwenye ule mlango wa mbao.

"Hodi, mama."

"Nani huyo?"

"Beverlyne wa Homa Bay."

Kiti kilikwaruza sakafu huko ndani. Halafu: "Yule Mkisii wa cherehani?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako aliwaambia wazee wetu kwamba mtoto wake haolewi kwa watu wa bunduki. Sasa umekuja kutafuta nini hapa?"

"Nimekuja kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kegonga. Maroa alinipa. Nilimtegea kitendawili akashindwa, nikamwambia nipe mji, akanipa huu. Na soko, na tumbaku, na nyumba hii, na wewe ndani. Kwa hivyo, mama, ukijifungia umenifungia nje ya mji wangu mwenyewe."

Mmoja wa wale majirani alitoa sauti kama anataka kucheka, akajiziba mdomo.

Nikasikia nyayo zikisogea ndani. Halafu Pauline akauliza, na sasa sauti ilikuwa karibu, nyuma tu ya mbao, "Alishindwa na kitendawili gani?"

"Cha sindano."

"Sindano? Mtoto wangu amesoma mpaka akawa ofisa, ashindwe na sindano?"

"Ilikuwa mkononi mwangu, mama. Hakuwa anatazama sindano."

Sijui kilichotoka ndani kilikuwa kicheko au kwikwi. Pengine Pauline mwenyewe hakujua.

"Msichana."

"Naam, mama."

"Naogopa. Nimeshika hili komeo na mkono hautaki."

"Hata mimi naogopa. Naogopa mpaka meno yanauma. Lakini huko uko peke yako na hapa niko peke yangu. Fungua tuogope pamoja."

Wakati huo nikasikia gari nyuma yangu. Nikageuka. Ilikuwa pikapu ya dukani, ile yenye maandishi ya rangi mlangoni, na Onchiri alikuwa anashuka. Sijui alitufuata saa ngapi. Alikuja kwa haraka mpaka kwenye lango, akaweka mkono juu ya mbao ili alisukume, na hapo akaliona lile gari la kijani. Akamwona na kapteni, na kofia kwapani.

Mkono wake ulibaki pale pale juu ya lango. Mtu mzima, mwenye duka na mvi, na mimi nilimwona yule mtoto wangu wa zamani amesimama anauliza mbona baba hajashuka kwenye gari. Hakusukuma lango. Hakurudi nyuma. Aliganda.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka.

Pauline ni mwanamke mwembamba, mrefu, na alikuwa amevaa gauni la kanisani, maana kumbe huko ndani alikuwa amebadilisha nguo akijua zitahitajika. Beverlyne alimshika kiuno. Kapteni Omanga akasimama wima.

"Mama Pauline Maroa?"

Alikuwa anajua jina. Ilikuwa ni ile kanuni ya jeshi. Nilifumba macho.

"Ndiye mimi," Pauline akasema.

"Mama Pauline, mwanao Luteni Maroa yuko hai."

Sitaweza kuwasimulia kelele iliyopigwa. Kuku walikimbia. Pauline alikaa chini palepale kizingitini kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba, na Beverlyne akaenda naye chini, hakumwachia.

"Nisikilizeni nimalize," kapteni akasema, na kwa sauti yake tukajua bado kuna jambo. "Yuko hai, ameumia. Alikuwa kwenye gari lililolipuliwa. Yuko hospitali Nairobi, ameshapasuliwa, anaongea, anakula. Jicho la kushoto madaktari hawakuweza kuliokoa."

"Jicho," Pauline akarudia. "Jicho tu?"

"Jicho tu, mama."

"Mikono iko?"

"Iko yote. Na miguu."

"Mungu wangu, jicho tu," akasema, na ndipo akaanza kulia sawasawa, kwa raha na kwa uchungu, vyote pamoja.

Kapteni akamgeukia Beverlyne. "Wewe nilikuwa nije kukutafuta Homa Bay. Luteni alinituma kwako, na alinifanya nikariri ili nisikosee. Amesema hivi: Kitendawili."

Beverlyne akainua uso. "Tega."

"Ana jicho moja, na si sindano. Nani?" Kapteni akatazama chini. "Na amesema, kama jibu ni gumu, usijisumbue. Sema tu umeshindwa, na mji utakaotoa ni Kegonga. Umrudishie, na hatakulaumu hata siku moja. Amesema anakurudishia njia yako."

Watu wote pale walielewa. Kijana alikuwa amemfungulia mlango atoke. Hata Pauline aliacha kulia, akamtazama msichana kwa macho yaliyolowa, na niliona hofu mpya inaingia mahali ile ya kwanza ilipotoka. Aliogopa kumpoteza huyu aliyemshika kiuno.

"Kapteni, uko na namba ya simu anayoishika?" Beverlyne akauliza.

"Ni ya muuguzi."

"Piga. Piga ya kuonana."

Simu ililia huko Nairobi. Tuliona dari nyeupe, kisha vidole, kisha upande wa mto. Sauti ilikuwa ya Maroa, imechoka.

"Kapteni?"

"Si kapteni. Geuza hiyo simu nikuone."

Dari ilibaki dari. "Bev. Tafadhali. Sema tu umeshindwa."

"Wewe unanijua mimi nikishindwa na kitendawili? Nyanya yuko hapa, muulize."

"Hashindwi!" nikapiga kelele.

"Bev, sikia. Sijui kama wataniacha na kikosi. Sijui kama nitafika hata hiyo nyota ya tatu. Uso wangu..."

"Maroa. Sindano yangu iko na jicho moja tangu niinunue. Sijawahi kuiambia haioni. Jibu la kitendawili chako ni wewe, nimelipata, na Kegonga ni yangu, sirudishi. Sasa geuza simu."

Ikageuka polepole. Bandeji ilikuwa imezunguka nusu ya kichwa, shavu limevimba, na jicho la kulia, lile moja, lilikuwa limejaa maji. Lilimtafuta Beverlyne likampata, na likakwama pale pale lilipokwama siku ile ya kwanza verandani. Beverlyne alinyoosha kile kitambaa cha begani mbele ya simu, chenye nafasi ya nyota mbili, kimekunjamana kwa jasho la ngumi.

"Nimekuja nacho," akasema. "Nitakishona huko huko hospitali."

Nilisikia lango likilia. Onchiri alikuwa amelisukuma. Alipita katikati ya majirani bila kuwaona, akapiga magoti kwenye vumbi kando ya binti yake, na akanyoosha mkono apewe simu. Beverlyne alisita. Akampa.

"Luteni," Onchiri akasema.

"Mzee." Kijana alijaribu kuinuka kwenye mto. "Mzee, nisamehe. Nilijua ndiyo sababu ulikataa. Mimi nimemwambia aniache..."

"Nyamaza kidogo." Onchiri alishika simu kwa mikono miwili. "Baba yangu walimrudisha na macho yote mawili. Yamefungwa. Nilikuwa mtoto, nilimwita hayakufunguka." Akapumua. "Wewe uje na hilo moja."

Kisha tukamsikia Maroa akilia kama mtoto, na muuguzi huko akimwambia asilowanishe bandeji.

Pauline alituletea viti, akaleta uji. Kapteni Omanga alikuwa ameshavaa kofia yake. Nilimchukulia kikombe mwenyewe.

"Sasa unaweza kunywa, mwanangu. Hapa ni nyumba ya mtu aliye hai."

Akakishika kikombe, akakitazama, akanirudishia. "Nisamehe, shosho. Nikinywa hapa, nitafika kule na harufu ya uji mdomoni."

Sikumlazimisha. Nilimsindikiza mpaka kwa gari. Liliposhuka kilima majirani waliinuka wote wakasimama, hakuna aliyewaambia. Mahali fulani kulikuwa na mwanamke anafua, au anapika, au anambishia mtoto wake, na bado hajasikia lile gari likipunguza mwendo. Niliomba lichelewe. Niliomba gurudumu litoboke. Halafu nikanyamaza, maana sikujua naomba nini.

Niliporudi Onchiri alikuwa amekaa peke yake kwenye gogo karibu na lango, vumbi la magoti bado liko kwa suruali.

"Mama."

"Naam."

"Ile ya asubuhi. Mgeni hajafika, na tayari amekula usingizi wa nyumba nzima."

"Umepata jibu?"

Alitazama kule mlangoni, ambapo Beverlyne na Pauline walikuwa wameinamia simu moja, vichwa vimegusana. Jibu, ile habari ya msiba inayongojewa, lilikuwa machoni mwake. Lilikuwa limekaa humo tangu alipokuwa mtoto wa kufungulia wageni lango, na hakuna mtu Kenya nzima anayelijua kuliko yeye.

"Nimeshindwa," akasema.

"Una hakika?"

"Nimeshindwa, mama. Niombe mji."

"Basi nipe mji."

"Nampa yule luteni Homa Bay," mwanangu akasema. "Na soko lake, na duka langu, na nyumba. Na mimi mwenyewe ndani."